Sikukuu za dini nyingine: anza na kalenda ya wenyewe

Unapolinganisha sikukuu za dini mbalimbali, usikimbilie kalenda ya ukutani. Andika kwanza tarehe kwa kalenda ya wenyewe, kisha pembeni tarehe ya kawaida pamoja na mwaka wake. Mwaka wa Kiislamu hufuata mwezi wa angani peke yake na una siku 354 au 355, ndiyo maana Ramadhani hurudi nyuma takriban siku 11 kila mwaka. Wayahudi nao hufuata mwezi, lakini huongeza mwezi wa 13 mara 7 katika kila miaka 19, hivyo Pasaka yao haihami msimu. Ukizichukulia kalenda hizi mbili kuwa kitu kimoja, jedwali lako lote litapotoka.

Kosa linaloudhi zaidi ni kuona Waorthodoksi wa Urusi wakiadhimisha Krismasi 7 Januari, ukahitimisha kuwa imani yao juu ya kuzaliwa kwa Yesu ni tofauti. Kwao hiyo ni 25 Desemba ya kalenda ya Julian (kalenda ya zamani ya Kirumi), ambayo kwa sasa iko nyuma ya kalenda ya kawaida kwa siku 13.

Angalia pia siku huanza saa ngapi: Sabato ya Kiyahudi huingia Ijumaa jua linapozama.

Unapohoji waumini, uliza nani hutangaza siku. Waislamu wa mji mmoja wanaweza kula Idi siku mbili tofauti, wengine wakisubiri mwezi uonekane kwao, wengine wakikubali taarifa ya kuonekana kwingine au hesabu za kifalaki. Andika zote mbili, na usiwasahihishe.