Gari ya shamba na mjini: anza na upepo wa tairi

Wenye Suzuki Escudo hapa Unguja, kabla hamjanyanyua gari kwa springi na tairi kubwa, nisikilizeni kidogo. Mimi nilifunga springi ngumu na tairi za matope, zote kwa mkupuo mmoja. Wiki ya kwanza raha tupu. Ya pili mama watoto akarudia daladala ya Fuoni, maana tairi zilivuma kwenye lami kama mashine ya kusaga na kila tuta lilimrusha kitini. Springi zile ni za gari inayobeba mzigo kila siku. Ikiwa tupu inarukaruka tu.

Nimerudisha springi za kawaida, nikabakisha shokapu nzuri na tairi za mchanganyiko, zile za lami na vumbi, kwa saizi ileile ya kiwandani. Ukiweka kubwa zaidi, hata mshale wa spidi unadanganya: unasoma chini ya mwendo wenyewe.

Kwenye mchanga kazi kubwa inafanywa na upepo. Toka psi 30 na kitu (psi ndiyo namba ya kwenye kipimo cha upepo), shusha mpaka 18 hivi, tairi itanepa na kukanyaga kwa upana. Usikate kona kwa kasi, tairi inaweza kuchomoka kwenye ringi. Na kwenye mawe ya matumbawe usishushe hivyo, ubavu utachanika (nimeshazika moja Matemwe).

Pampu ndogo ya kuchomeka kwenye betri na kipimo cha upepo vikae kwenye buti. Ukigusa lami tu, simama ujaze kabla hujakanyaga mafuta.