Choya, hamira na yai: majaribio matatu ya jikoni kwa watoto

Jumamosi asubuhi jikoni kwangu huwa na watoto wanne: wawili wangu, wawili wa jirani. Mimi ni mwalimu wa sayansi wa shule ya msingi, na kitu nilichochelewa kukijua ni kwamba mtoto akishaambiwa jibu kabla ya kumimina, jaribio limekwisha, kinachobaki ni kuchafua vyombo. Kwa hiyo nina sharti moja. Kabla ya kumimina chochote, kila mtoto anasema anachodhani kitatokea, na kinaandikwa daftarini. Akikosea hachekwi. Mimi nami hukosea, na langu huandikwa vilevile.

Kuhusu usalama: maji ya moto ni ya mtu mzima, hakuna kuonja, na mikono inaoshwa mwishoni. Jiki iondoeni kabisa mezani. Ikichanganyika na siki au ndimu hutoa gesi ya klorini, na hiyo inaumiza mapafu.

Jaribio la kwanza: choya inayobadilika rangi

Hili ndilo ninalolipenda kuliko yote, tena gharama yake ni ndogo. Utahitaji choya kavu (wengine huiita rozela), ndimu, siki, magadi soda ya kuokea keki, majivu ya kuni na glasi 5 zisizo na rangi. Angalia pakiti vizuri: bekin pauda haifai hapa, kwa sababu ndani yake tayari imechanganywa na tindikali.

Hatua ya 1. Usiku wa kuamkia siku yenyewe, koroga vijiko 2 vikubwa vya majivu kwenye kikombe cha maji, uache yatuame. Asubuhi chota yale maji ya juu yaliyo safi. Hayo ayashike mtu mzima, maana yakiingia machoni yanawasha.

Hatua ya 2. Weka vijiko 3 vikubwa vya choya kwenye bakuli la udongo au kioo, mimina kikombe kimoja cha maji ya moto, funika dakika 15, kisha chuja. Sufuria ya alumini iacheni, choya huila na rangi huharibika.

Hatua ya 3. Tia vijiko 2 vikubwa vya yale maji ya choya uliyoyachuja katika kila glasi, halafu jaza maji mpaka nusu. Hapa wengi hukosea kwa kutumia choya nzito. Choya yenyewe ni chachu, kwa hiyo ikiwa nzito utamaliza pakiti ya magadi soda bila kuona kitu cha maana.

Hatua ya 4. Bandikeni plasta yenye jina kwenye kila glasi: maji, ndimu, siki, magadi soda, majivu. Watoto waandike makisio yao. Kisha mmoja baada ya mwingine atie kijiko kimoja cha chai cha kitu chake, akoroge, atazame.

Glasi ya maji inabaki ilivyo, na hiyo ndiyo kazi yake: ni ya kulinganishia. Ya ndimu na ya siki zinang'aa wekundu kidogo tu, na hapo watoto hununa. Msiwape jibu. Waulizeni choya ina ladha gani. Mwanangu wa miaka 7 alifikiri kidogo akasema, "Mama, kumbe ilikuwa na ndimu yake ndani!" Sikuwa na la kuongeza.

Ya magadi soda inageuka zambarau iliyofifia au buluu ya kijivujivu. Ya majivu inaweza kwenda mpaka kijani, na ikikaa inakuwa kahawia. Vikionekana hafifu, ongezeni kijiko kingine.

Hatua ya 5. Kamulieni ndimu kidogo kidogo kwenye glasi ya magadi soda. Inatoa povu, na wekundu unarudi. Nimefanya jaribio hili mara nyingi sana na bado watoto hupiga kelele hapo.

Sasa ndipo unaeleza. Rangi ya choya inatokana na kemikali ziitwazo anthosayanini, ambazo umbo lake hubadilika zikikutana na tindikali (vitu vichachu kama ndimu na siki) au besi (kinyume chake, kama magadi soda na maji ya majivu), na umbo likibadilika rangi nayo inabadilika. Mwanasayansi Robert Boyle alichapisha majaribio ya namna hii mwaka 1664, naye alitumia sharubati ya maua ya urujuani. Watoto wakitaka kuendelea, waacheni wapime maji ya sabuni ya kipande, maziwa mgando, maji ya kisima, na lile jiwe la magadi linalolainisha maharage. Kwa wanaokaa maeneo ambayo maji yake yana magadi, msishangae hata glasi ya maji ikibadilika rangi.

Jaribio la pili: hamira inayopuliza puto

Kwanza pimeni hamira yenyewe: kijiko kimoja cha chai kwenye maji vuguvugu yenye sukari. Isipotoa povu ndani ya dakika 10 au 15, imekufa. Mara yangu ya kwanza sikupima. Pakiti ilikuwa wazi kabatini tangu mfungo, na tulikaa saa nzima tukitazama maputo yaliyolala kama soksi.

Chukueni chupa 3 za plastiki za nusu lita. Kila moja itiwe kijiko kimoja cha chai cha hamira na nusu kikombe cha maji. Ya kwanza iwe na maji vuguvugu na vijiko 2 vya chai vya sukari, ya pili maji vuguvugu bila sukari, ya tatu maji ya baridi kutoka kwenye friji pamoja na sukari. Uvuguvugu upimeni kwa kudondoshea tone kwenye kifundo cha mkono, kama unavyopima maziwa ya mtoto. Yakichoma, yataiua hamira. Pulizeni maputo mara moja mbili ili yalegee, yatoeni hewa, kisha yavalisheni midomoni mwa chupa. Chupa isifungwe kwa kizibo hata kidogo, gesi itakosa pa kutokea na itapasuka.

Baada ya nusu saa mpaka saa moja puto la chupa ya kwanza litakuwa limesimama. Hamira ni viumbe hai vidogo sana, vinakula sukari na kutoa kaboni dayoksaidi, gesi ileile inayotoboa vishimo ndani ya andazi. Ile ya baridi isimwageni. Iacheni ipate joto, mwone itafanya nini.

Jaribio la tatu: yai lisilo na ganda

Zamisheni yai bichi kwenye glasi ya siki. Vitaanza kutoka vipovu, kwa sababu ganda ni kalisi kaboneti, jamii moja na mawe ya matumbawe yaliyojengea nyumba za Mji Mkongwe wa Zanzibar, na siki inalila. Baada ya saa 24 badilisheni siki, subirini siku nyingine, kisha lisuguliwe taratibu kwenye maji. Mtabaki na yai laini lililoshikwa na utando tu. Yai la rangi ya kahawia linafurahisha zaidi, maana rangi yake huanza kubanduka mapema.

Fanyeni mawili. Moja liwekeni kwenye maji, jingine kwenye maji mazito ya sukari, mpaka kesho yake. La kwanza litavimba, la pili litasinyaa, kwa kuwa maji hupenya utando kuelekea upande wenye vitu vingi zaidi vilivyoyeyuka, iwe ni ndani ya yai au kwenye sukari. Yasiliwe, na kila aliyeyashika anawe kwa sabuni.

Mtoto wa jirani aliuliza kama lililosinyaa likihamishiwa kwenye maji litarudi kuwa nono. Wawili walisema ndiyo, wawili walisema hapana, mimi nikaandika langu bila kuwaonyesha. Tulilihamisha. Nanyi andikeni yenu kwanza, ndipo mlitumbukize.