Gari la kulala, bonde la Mosel, mwezi Oktoba

Shemeji alikuja kututembelea Koblenz, Ujerumani, akakodi gari la kulala, lile lenye kitanda, hita na maji ndani, ili afuate mto Mosel hadi Trier, karibu kilomita 200, mizabibu ikiwa imegeuka manjano. Usiku wa pili, saa nane, simu ikalia: "Dada, tangi la maji nililijaza jana, leo halina hata tone!" Nilicheka. Yalishanikuta. Nimeandika haya kwa ajili yake na wengine wa kwetu ambao vuli wanayoijua ni ile ya mvua.

1. Gari. Leseni ya daraja B, ile ya gari dogo, mwisho wake ni gari la uzito wa kilo 3,500. Ubavuni mwa tairi tafuta alama ya mlima wenye chembe ya theluji. Tangu Oktoba 2024 herufi M+S (matope na theluji) peke yake hazikubaliki barabara ikiwa na theluji au barafu.

2. Gesi. Mtungi wa hita uwe wa propani, basi. Gesi ya aina nyingine, butani, ikifika nyuzi sifuri inagoma kuvukiza: mtungi umejaa, hita imezima.

3. Maji. Hapa ndipo nilipopoteza usiku mzima nikimulika tochi chini ya gari, nikidhani bomba limepasuka. Halikuwa limepasuka. Magari mengi yana vali ndogo karibu na boila (chombo cha kupashia maji moto), mara nyingi imefichwa kabatini au chini ya kitanda. Baridi ikifika kama nyuzi 3 pale ilipo, inajifungua yenyewe na kumwaga maji ya boila nje, yasije yakaganda na kulipasua boila. Ukiwa umeacha pampu imewashwa, nayo inaendelea kusukuma mpaka tangi zima limekwisha. Ndivyo ilivyokuwa kwa shemeji.

Kosa la pili ni kukimbilia kujaza tena. Vali haikubali kufungwa mpaka ipate joto la nyuzi 7 hivi, kwa hiyo unajaza huku yanamwagika. Fuata mpangilio huu: zima pampu, washa hita, fungua mlango wa kabati lenye vali hewa ya moto iingie, subiri. Nusu saa, pengine saa nzima. Ukiwa na haraka, iegemeze chupa ya maji ya moto. Kisha ifunge, jaza tangi, washa pampu. Kuna wanaoibana kwa kibanio cha nguo isifunguke; usithubutu, boila jipya utalilipia wewe. Na usiku usizime hita kabisa, iache chini chini. Kubania gesi Oktoba ni ubahili usio na faida.

Gari la kukodi? Waambie wakuonyeshe vali ilipo kabla hujasaini. Mimi sikuonyeshwa.

4. Pa kulala. Kambi nyingi za kando ya mto hufungwa mwisho wa Oktoba, piga simu kwanza. Mimi naona bora uwanja wa mkulima wa zabibu huko juu kidogo. Mtoni ukungu hauondoki mpaka karibu adhuhuri. Kimo cha gari, toka chini hadi paa, kiandike kwenye karatasi, uibandike mbele ya usukani. Madaraja ya reli unayopita chini yake huku hayako juu sana.

5. Federweißer. Ni mvinyo mchanga ambao bado unachacha, unauzwa vijijini msimu wa mavuno. Kifuniko chake hakizibi kabisa kwa makusudi, gesi ipate kutoka. Kwa hiyo chupa isimame, ibane kati ya viatu. Shemeji aliilaza kwenye droo ya nguo.