Kumfuga kasuku anayeruka katika nyumba yenye sungura na simbilisi

Kasuku aliyekatwa manyoya ya mabawa hukaa pale alipowekwa. Kasuku mwenye mabawa kamili hujichagulia pa kutua, na akiona paa la kizimba cha sungura panamfaa, atatua hapo. Hatari nyingi zinazompata ndege wa aina hiyo ndani ya nyumba hutokana na mahali alipotua, na kwa hiyo kazi kubwa ya mfugaji ni kuandaa chumba ambamo kila mahali ndege anapoweza kufika ni salama kwake na kwa wanyama walio chini yake.

Ninamzungumzia hasa kasuku mdogo wa Fischer, yule mwenye mwili wa kijani, uso wa rangi ya chungwa na mdomo mwekundu, ambaye asili yake ni kaskazini mwa Tanzania, kusini na kusini mashariki mwa Ziwa Victoria. Katika miaka ya 1980 ndege hawa walinaswa kwa wingi mno kwa ajili ya biashara, na idadi yao porini ikapungua. Nunua tu ndege aliyezaliwa tunduni, kwa muuzaji anayeweza kukuonyesha wazazi wake, na uulize mapema kuhusu kibali kinachohitajika mahali unapoishi.

Wapo wanaoshauri kwamba, kwa sababu nyumba ina wanyama wengine, ni bora kumkata ndege mabawa. Sikubaliani na ushauri huo. Kuruka ndiko kunakoimarisha misuli ya kifua na kumpa ndege pumzi, na aliyekatwa vibaya huanguka kama jiwe na anaweza kupasuka kidari. Zaidi ya hayo, ndege asiyeweza kuruka hana njia ya kumkimbia mnyama aliyemshtua.

Anza na madirisha. Wavu wa mbu wa plastiki haumzuii kasuku, kwa maana anaweza kuutoboa kwa mdomo wake kwa muda mfupi. Funga wavu wa chuma wenye matundu yasiyozidi nusu inchi, yaani kama sentimita 1.2, na uukague kila wiki pembeni kwenye misumari. Wavu huo una faida ya pili ambayo wengi huisahau. Mfugaji asiye nao hulazimika kufunga madirisha yote ndege anaporuka, na chumba kilichofungwa Dar es Salaam au Mombasa hupata joto haraka. Sungura hawezi kutoa jasho kama sisi. Hupunguza joto zaidi kupitia masikio, na joto likipita nyuzi 30 anaweza kuzidiwa hadi kufa. Usalama wa ndege usinunuliwe kwa uhai wa sungura. Kama bado hujapata wavu, mtoe ndege asubuhi, kati ya saa mbili na saa tatu, kabla jua halijakolea.

Panga boi lizimwe kabla mlango wa tundu haujafunguliwa, na mtu wa nyumbani asiyehusika na ndege ajue kwamba swichi ile haiguswi. Ndoo, mapipa ya maji na tangi la samaki vifunikwe, kwa kuwa kasuku akitumbukia majini hana namna ya kujitoa. Vikaango visivyogandisha chakula vikiachwa motoni vikapata joto kupita kiasi, hutoa hewa inayoweza kumuua ndege katika dakika chache, hata akiwa chumba cha pili. Dawa ya mbu ya kupuliza, ile ya kuchoma na moshi wa mkaa navyo visikaribie chumba hicho.

Baada ya hapo, shughulikia vizimba. Paa la wavu juu ya kizimba cha simbilisi au sungura ni kosa, kwani ndege akitua hapo vidole vyake vinaning'inia ndani, na kinyesi chake kinaangukia nyasi ambazo wenzake wanakula. Weka paa la mbao au plaiwudi. Kisha mpe ndege mahali pazuri zaidi pa kutua: kamba nene au matawi ya mpera yaliyofungwa juu, usawa wa kichwa cha mtu mzima au zaidi, mbali na vizimba. Kasuku hupenda mahali pa juu, na akipewa pa juu penye kitu cha kutafuna hatakuwa na sababu kubwa ya kushuka.

Wanyama hawa wasiwe huru chumbani kwa wakati mmoja, hata kama wanaonekana kuzoeana. Najua picha ya kasuku amekaa mgongoni mwa sungura huvutia, lakini kasuku wa Fischer ni mdogo wa mwili na mkali wa tabia. Anaweza kuchana sikio la simbilisi, ambalo halina manyoya ya kulikinga. Sungura akishtuka hurusha teke la miguu ya nyuma, na ndege wa gramu 50 hivi hawezi kulihimili. Wape zamu. Sungura na simbilisi huchangamka zaidi alfajiri na jioni, na ndege huchangamka mchana, kwa hiyo zamu zenyewe zimekwisha kupangwa na maumbile: ndege aruke asubuhi wao wakiwa wamejipumzisha vizimbani, nao watoke magharibi ndege akiwa amefunikiwa tundu lake alale.

Zamu haiwezekani bila ndege anayerudi akiitwa. Mfundishe kwa uwele, tena uwele huo usiwemo kabisa katika chakula chake cha kila siku, ili ubaki kuwa kitu cha thamani. Siku za kwanza mpe akiwa kijitini ndani ya tundu, kila mara ukitamka neno lile lile au kupiga mluzi ule ule. Kisha apande kidoleni ili aupate. Kisha asogee umbali wa kiganja, kisha aruke hatua moja, na umbali uongezeke taratibu. Dakika tano hadi kumi kwa mara mbili kwa siku zinatosha. Acha akiwa bado anataka. Usimfukuze kwa taulo ili arudi tunduni, kwa sababu ukifanya hivyo mara chache tu atajifunza kukukimbia.

Katika chakula, parachichi ni sumu kwa ndege na pia kwa sungura na simbilisi, na kwa kuwa huliwa sana nyumbani kwetu, maganda yake yatupwe kwenye pipa lenye kifuniko. Punje za ndege zina mafuta mengi na hazifai kwa tumbo la sungura. Chakula cha vidonge cha sungura wakati mwingine huchanganywa dawa ya kuzuia koksidia, vimelea vya tumboni, kwa hiyo ndege asiruhusiwe kukidonoa.

Magonjwa yanahitaji uangalifu mkubwa zaidi, maana hayaonekani. Sungura anaweza kubeba bakteria ya Bordetella bila kuugua, lakini simbilisi akiipata huenda akapata nimonia kali. Wawili hao hata wenyewe kwa wenyewe wasilale pamoja. Kasuku anaweza kumwambukiza binadamu homa ya kasuku kwa vumbi la kinyesi kikavu, kwa hiyo lowesha sakafu kabla ya kufagia. Salmonela, bakteria ya kuharisha, huwahusu wote. Ndege mpya atengwe chumba kingine kwa siku 30 angalau. Maranda yenye mkojo hutoa harufu kali ya amonia inayoumiza mapafu ya ndege, na ukiisikia puani mwako, ujue kwake imeshazidi siku nyingi.

Kuhusu paka sina masharti mengi: ndege akiwa nje ya tundu, paka awe nyuma ya mlango uliofungwa. Meno na mate ya paka yana bakteria ya Pasteurella, na ndege aliyetobolewa kidogo tu anaweza kufa ndani ya siku moja au mbili. Akiguswa na paka, mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo apewe antibayotiki, hata kama huoni jeraha. Usiku, punje zilizomwagika zizolewe, kwa sababu huvuta panya wa nyumbani, na panya huua kasuku waliolala.

Pamoja na hayo yote, ipo siku mlango utasahauliwa. Kasuku hawa wakitoroka huweza kuishi na kuzaliana: kandokando ya Ziwa Naivasha, Kenya, wapo wengi waliotokana na ndege wa kufugwa, nao wamezaana na kasuku wa jamii ya jirani. Akikutoka, usikimbie chini yake ukipiga kelele. Mfuate kwa macho, weka tundu lake nje mahali pa wazi likiwa na uwele na maji, na kama unaye mwenzake, mwenzake aitie akiwa ndani ya tundu la pili. Giza likiingia hajashuka, kumbuka mti alioulalia, kisha rudi hapo kabla ya mapambazuko, kwa sababu asubuhi anaamka na njaa, na mluzi wako ndio sauti ya chakula anayoijua.