Kurusha roketi KSP mpaka obiti bila kuishiwa mafuta njiani

Kama unacheza Kerbal Space Program (KSP), lile gemu la kujenga na kurusha roketi, na roketi yako inatoka padi vizuri, moshi kibao, raha tupu, alafu ukifika kilomita 60 hivi tenki kavu na unaanza kurudi chini, mara nyingi shida sio udogo wa roketi. Unairusha vibaya tu. Mi nilikaa wiki nzima naongeza matenki, nikiongeza tenki inakuwa nzito, ikiwa nzito naongeza injini, injini nayo inataka mafuta, mwisho nikawa na kitu kama ghorofa ambacho kilipinduka hata kilomita tano hakijafika.

Sa sikia. Kupanda juu ndo kazi ndogo. Hewa ya Kerbin, ile sayari unayorushia, inaisha kilomita 70, na kinachokuweka obiti, yani kuizunguka sayari bila kuanguka, ni mwendo wa pembeni, pale kilomita 80 unatakiwa uwe unakimbia kama mita 2,280 kwa sekunde. Lakini bajeti nzima toka padi mpaka obiti ni kama 3,400 ya delta-v, yani jumla ya mwendo ambao roketi inaweza kujiongezea kwa mafuta iliyobeba. Toa hapo utaona zaidi ya elfu moja haionekani kwenye mwendo wako wa mwisho, imeliwa na kule kupanda, na mvutano, na hewa. Ujanja wote uko kwenye hiyo elfu moja. Ukirusha ovyo inakuwa elfu mbili.

Tuanze na roketi yenyewe, ndogo kabisa. Juu kapsuli ya Mk1 na parachuti, dikapla (kile kipande cha kuachanisha steji, yani sehemu za roketi), tenki moja la FL-T400, chini yake injini ya Terrier. Dikapla nyingine, tenki la FL-T800, alafu injini ya Swivel, na mapezi matatu au manne chini kabisa. Jumla karibu tani 10. Steji ya juu peke yake ina kama 2,600, ya chini kama 1,500 ukichanganya hewa nzito ya chini na nyepesi ya juu. Usije ukaweka Terrier chini kisa inasomeka ina ufanisi mkubwa! Ufanisi wake ni 345 kwenye ombwe, pale padi unaporomoka mpaka 85, inapiga kelele tu haiendi popote. Swivel ndo ya kazi za chini, na ina shingo inayogeuka kwa hiyo unaweza kuielekeza.

Angalia TWR, yani msukumo ugawanye kwa uzito. Chini ya 1 hutoki padi. Ikiwa 1.1 unatoka ila unapanda kama lori la mchanga kwenye mlima, na kila sekunde unayokaa unaning'inia hapo mafuta yanaungua kushindana na mvutano. Ikiwa 2.5 unaenda kuipiga hewa nzito ya chini kwa kasi, ukiona moto unawaka puani na uko bado chini ya kilomita 15 jua unapoteza. Mi napenda 1.4 mpaka 1.7. Tangu toleo la 1.6 gemu inakuonyesha delta-v na TWR kwa kila steji, ila hakikisha umeiweka isome usawa wa bahari kwa steji ya chini, ukiiacha kwenye ombwe inakudanganya.

Haya, kuruka. Bonyeza Z moto wote, T kuwasha SAS, yani kile kifaa kinachoshikilia mwelekeo wa roketi, alafu spesi. Ikifika mita 50 mpaka 80 kwa sekunde gusa D ulaze pua digrii 5 mpaka 10 tu kuelekea mashariki, yani upande wa 90 kwenye ile boli ya mwelekeo. Subiri kale kaduara ka njano kanakoonyesha unakokwenda kaikute pua. Kakishafika, kama rubani wako ana uwezo iambie SAS ifuate hako kaduara, alafu toa mkono. Kweli, toa mkono. Mvutano wenyewe utailaza roketi pole pole, kilomita 10 utajikuta kwenye digrii 45 hivi, kilomita 35 au 40 umelala karibu kabisa. Ikilala haraka mno ulisukuma sana mwanzo, rudisha urushe upya kwa digrii pungufu. Ikikataa kulala, ongeza. Kila roketi ina digrii yake, usikariri.

Kwanini mashariki? Kerbin inazunguka upande huo na padi iko kwenye ikweta, unapewa kama mita 175 kwa sekunde za bure kabla hujawasha hata injini. Hii sio ya gemu tu, ndo maana Waitaliano walikuja kurushia satelaiti pale San Marco, baharini karibu na Malindi, na ile ya tarehe 12 Desemba 1970 ikapewa jina Uhuru kwa sababu ilirushwa siku ya uhuru wa Kenya.

Utakutana na watu wanakwambia panda wima mpaka kilomita 10 ndo ukate 45. Huo ushauri ulikuwa sawa zamani, hewa ya gemu ilikuwa nzito kama uji, ila toleo la 1.0 la Aprili 2015 liliibadilisha hewa yote na watu wengine hawajasikia mpaka leo. Ukikata ghafla hivo siku hizi pua inatoka nje ya kaduara, upepo unaishika ubavuni na inapinduka. Zito liwe juu, mapezi chini, pua usiitoe nje ya kaduara zaidi ya digrii 5 ukiwa bado kwenye hewa nzito.

Njiani angalia muda uliobaki kufika apoapsisi, ile ncha ya juu ya njia yako. Ukizidi dakika moja punguza moto kidogo, ukishuka chini ya sekunde 30 nyanyua pua kidogo. Apoapsisi ikigusa kilomita 82 zima kwa X, hizo mbili za ziada hewa iliyobaki itazila. Weka nodi, ile alama ya kupanga uchomaji, pale kwenye ncha, vuta mpaka upande wa chini wa njia upite kilomita 70, na kama gemu inasema utachoma sekunde 30 basi anza sekunde 15 kabla. Ukiwa umelala vizuri hapo utahitaji delta-v ya mia moja au mbili tu. Ukikuta inataka 800, ulipanda wima sana.

Hii roketi ikifika obiti inabaki na kama 700, na kwenda Mun, ule mwezi wa Kerbin, inataka 860 hivi. Inauma eh? Ongeza tenki la FL-T200 kwenye steji ya chini, TWR inashuka toka 1.7 mpaka 1.5 na kitu, bado inatoka padi bila shida, na sa hivi unafika Mun. Kurudi ndo sijasema.