Zawadi ya kicheni pati: vyombo vya enameli vya kizamani

Jamani kama una kicheni pati karibuni achana na seti za glasi, kila mtu analeta hizo hizo. Tafuta vyombo vya enameli, yale mabirika na vikombe vyeupe vyenye ukingo wa bluu walivyokuwa navyo bibi zetu, mezani vinapendeza balaa! Mimi huwa naanzia Kariakoo.

Ila kabla hujalipa pitisha kidole taratibu ukingoni na kwenye mshikio, maana ule weupe ni glasi iliyoyeyushwa juu ya chuma, ikibanduka hata kidogo maji yanaingia na kutu inaanzia hapo hapo. Beba na kasumaku, ikinasa ujue ndani ni chuma kweli. Kwenye gesi au mkaa birika linakaa fresh, maikrowevu usithubutu.

Ukipata cha zamani kabisa, hasa chekundu au cha njano iliyokolea, kinunue tu lakini mwambie bi harusi awekee maua, rangi zingine za zamani zilikuwa na kadimiamu au madini ya risasi, metali zenye sumu, chai asinywee humo tafadhali.