Somo: Kuongeza uzito kwenye kitako cha bunduki ya kuwindia ili kupunguza teke (msukumo wa bunduki kurudi begani ukipiga)

Somo hili nilifundishwa na nyati niliyemjeruhi. Bunduki ilikuwa .375 (kipenyo cha risasi kwa inchi), darubini imelengwa sawasawa, mnyama yuko mita 80. Nilipovuta kifyatulio nilifumba macho na kusukuma bega mbele, maana mwili ulikuwa umeshakariri maumivu ya mazoezi ya juzi yake. Risasi ikampata tumboni. Tulimfuata vichakani hadi jioni, mfuata nyayo akiwa mbele yangu, na kosa lilikuwa langu, si lake. Ndiyo maana naomba msilichukulie teke kama jambo la kuvumilia kiume. Mpigaji anayeliogopa teke hujeruhi wanyama na kuhatarisha wenzake.

Kwa nini uzito unasaidia? Katriji ya .375 H&H, iliyotoka mwaka 1912, hurusha risasi ya gramu 19.4 kwa kasi ya kama mita 770 kwa sekunde. Ukijumlisha na gesi ya baruti, bunduki ya kilo 4.2 hurudi begani kwa takriban mita 5 kwa sekunde. Ongeza nusu kilo, nguvu ya teke inashuka kwa karibu asilimia 11. Unaweza kuiona ndogo, lakini teke lenyewe linakuja taratibu zaidi, linasukuma badala ya kuchapa. Usizidishe nusu kilo kama unawinda kwa miguu.

Hatua ya 1. Toa risasi zote, chomoa bolti (komeo la chuma linalofunga chemba, pale katriji inapokaa), kisha ingiza kidole kwenye chemba. Macho peke yake hayatoshi.

Hatua ya 2. Jaribu kabla ya kutoboa. Jaza marisau (vipira vidogo vya madini ya risasi) ya nusu kilo kwenye soksi, yafunge kwa utepe ubavuni mwa kitako, nenda kwenye uwanja wa shabaha upige risasi tano. Usipoona nafuu, ahirisha kazi. Huenda shida yako ni urefu wa kitako au pedi ya mpira ya mwisho wa kitako iliyokauka.

Hatua ya 3. Laza bunduki juu ya kidole, tafuta inapotulia, weka alama ya chaki. Alama hii ndiyo itakayokuongoza mwishoni.

Hatua ya 4. Fungua skrubu za chini, tenganisha mbao na chuma. Chuma kifungie kabatini. Kama unatumia seremala, mpelekee mbao tu. Leseni ya silaha ni yako, si yake. Sasa toa pedi. Skrubu zake zimejificha ndani ya mpira, kwa hiyo paka sabuni kwenye bisibisi ili isichane vitundu.

Hatua ya 5. Hapa ndipo watu wanapoharibu kazi. Bana mbao kwenye jiliwa lililofunikwa kitambaa. Toboa matundu mawili ya milimita 20, moja juu ya jingine, katikati ya skrubu mbili za pedi, yakiachana sentimita moja. Kina kisizidi sentimita 10. Funga utepe kwenye keekee pale sentimita 10 zinapoishia, na kila baada ya muda simama utazame mwelekeo, maana kitako kinakwenda kikikonda na kuinama. Tena, kuna skrubu ya mkanda chini ya kitako inayoingia ndani ya mbao. Itoe kwanza, pima ilikofika, ikwepe.

Hatua ya 6. Kila tundu linameza kama gramu 190 za marisau. Changanya na gundi ya tyubu mbili, shindilia kwa kijiti, acha sentimita moja juu uzibe kwa kizibo cha mbao. Ukiyaacha bila gundi yatalia kama kayamba porini. Vaa glavu, nawa mikono kabla ya kula. Na tafadhali usiyeyushe madini ya risasi jikoni. Moshi wake na mabaki yake ni sumu, hasa kwa watoto.

Hatua ya 7. Gundi ikikauka, funga bunduki, ilaze tena juu ya kidole. Mahali inapotulia patakuwa pamehamia nyuma ya alama na mdomo wa mtutu utaelea, jambo linaloharibu shabaha ya kusimama. Irudishe kidogo kwa gramu 100 mbele: chonga mfereji wa sentimita 6 kwa 1.5, kina sentimita 1, chini ya mtutu, uweke kipande bapa cha madini ya risasi. Kisiguse mtutu. Paka masizi ya mshumaa chini ya mtutu, funga, fungua. Kipande kikipata doa, kipunguze kwa tupa.

Mwisho, lenga darubini upya. Bunduki iliyobadilishwa uzito huenda isipige palepale.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, mimi natumia shotigani namba 12. Nitoboe vilevile?*
Hapana mkuu. Shotigani nyingi tayari zina tundu refu kitakoni, ndani yake kuna bolti inayoshika mbao. Ukimwaga gundi humo hutaifungua tena. Weka marisau kwenye bomba lenye vifuniko, lizungushie sponji, liingize likaze.

*Shikamoo mzee. Kitako changu ni cha plastiki.*
Marahaba mwanangu. Usitoboe. Toa pedi utazame; vingi vina uwazi ndani. Kaza mfuko wa marisau humo kwa sponji ngumu usicheze.

*Kuna vibomba vya zebaki vinauzwa, wanasema ni bora kuliko risasi. Kweli?*
Mimi siviweki. Kazi kubwa inafanywa na uzito, na kibomba kikipasuka umejiletea sumu nyingine.

*Kaka, binti yangu ana miaka 19, anajifunza na .308 na bega linamuuma. Nimwongezee uzito?*
Dada, anza na urefu. Kitako kirefu kinamfanya ainame nyuma na teke linamkuta ameshalegea. Kifupishwe kwanza. Bunduki nzito itamchosha mikono akiwa amesimama.

*Na mfuko wa mchanga kati ya bega na kitako, mezani?*
Mdogo wa kilo mbili unafaa sana wakati wa kulenga darubini. Ule mkubwa wa kilo kumi usiutumie kwenye .375. Bunduki ikikosa pa kurudi, nguvu yote inaishia kwenye mbao, na mbao hupasuka kwenye shingo, nyuma tu ya kifyatulio. Kabla ya safari pitisha ukucha hapo. Ukikwama kwenye ufa mwembamba, usipige tena hadi kitako kitengenezwe.